Msaada wa Familia Hauruhusiwi

Sakinoura, 18 Februari

Mdogo wangu Kuniaki,

Theluji ya hapa kisiwani imekataa katakata kuondoka, ila mplamu wa nyuma ya bafu umeshatoa maua matano. Mama ameyahesabu. Magoti yangu yanalia kila nikipanda ngazi, paka wa jirani amezaa ndani ya stoo yetu, na Bwana Gonda amefunga duka lake ili apate nafasi ya kuwa mtu wa kamati. Kamati gani? Zote. Wifi yangu Chinatsu hajambo? Mwanenu Honoka naye bado anaparamia ile filimbi ya shule?

Nakuandikia kama watu wa zamani kwa sababu simu yako imenishinda. Nimekupigia mara nne. Mara tatu ulikuwa juu ya baiskeli isiyokwenda kokote, hapo hapo sebuleni kwako, unahema kama mtu anayekabwa. Mara ya nne alipokea mkeo, akasema uko ndani ya beseni la barafu. Loo, nikadhani umekufa wanakuhifadhi.

Sasa niseme kilichonifanya nishike kalamu. Mama anasahau. Sisemi kusahau miwani, miwani tunasahau sote. Wiki iliyopita alipakua chakula cha baba, akaniuliza mbona leo amechelewa. Baba yuko kwenye picha, huu mwaka wa sita. Daktari anasema nyuso zitamtoka mojamoja, na kwamba mwenye kutaka kumwona aje wakati bado anamjua. Wewe bado anakujua, Kuni. Kila asubuhi ananiuliza kama umekula. Njoo.

Dada yako,
Sumie

Nagoya, 9 Machi

Dada yangu mpendwa,

Hapa Nagoya baridi imeanza kulegea, jambo zuri kwa misuli. Mimi ni mzima kabisa: mapigo ya moyo nikiwa nimelala ni arobaini na nane, na mwezi jana yalikuwa hamsini na moja. Chinatsu na Honoka nao wazima, nadhani.

Usione nimechelewa. Nakujibu leo kwa kuwa leo ni siku ya mapumziko kamili, sina ruhusa ya kufanya lolote, na mwalimu wangu wa mazoezi anasema kuandika kwa mkono kunashusha mapigo. Kweli yameshuka. Nimepima kabla ya aya hii.

Habari ya Mama imeniumiza sana. Je, anatembea? Dakika thelathini kila siku, mwendo wa wastani, na asile wanga jioni.

Kuja nitakuja, dada, tena nina habari njema. Najiandaa kwa yale mashindano ya kisiwani kwetu: kuogelea kilomita tatu, baiskeli mia na hamsini, mbio thelathini, yote siku moja bila kupumzika. Ni Jumapili ya kwanza ya Septemba. Programu ni ya wiki ishirini na sita na inaanza kesho. Ukiruka hata wiki moja, yote uliyojenga yanabomoka. Kuja sasa hivi ni treni, basi na feri, siku mbili zinapotea kwenda na mbili kurudi, na kwenye feri mtu hawezi kukimbia. Lakini Septemba nitakuwa hapo hapo! Mwambie Mama asubiri kidogo tu.

Kuniaki

Sakinoura, 2 Aprili

Kuniaki,

Mizabibu ya Gonda imechipua, sisi tunakohoa tu kidogo, na wale paka wa stoo sasa ni sita.

Nilimsomea Mama barua yako. Pale pa “asubiri kidogo” nilitaka niparuke, akaniuliza mbona nimenyamaza, nikamsomea. Akauliza Septemba ni lini. Nikamwonyesha kwenye kalenda. Akahesabu kurasa kwa kidole, kisha akasema, “Baiskeli si zinapita hapa mlangoni?” Zinapita, mara mbili, wajua mwenyewe. Akasema, “Basi nitampa tonge. Mtu wa kilomita mia na hamsini hawezi kuwa ameshiba.”

Kuanzia siku hiyo nyumba hii ina wanamichezo wawili zaidi. Kila asubuhi Mama anasimama langoni na tonge la wali lenye plamu ya chumvi ndani, limefungwa mwani, analinyoosha. Mimi, mtu mzima wa miaka hamsini na sita, napita mbio na baiskeli yangu ya sokoni yenye kikapu, nalipokea bila kusimama. Siku ya kwanza lilinipiga sikioni. Siku ya pili nilitumbukia mtaroni na mwani mdomoni. Sasa tunapatia mara tatu kwa kumi, na Mama anaandika matokeo kwenye kalenda kama wewe. Daktari amefurahi, anasema ratiba inamshika.

Akiamka hakumbuki tonge ni la nani. Anakwenda kwenye kalenda, anasoma, “La Kuni,” halafu anafunga kitambaa kichwani anaingia jikoni. Siku zote thelathini za mwezi huu ameshaziandikia mapema hivyo hivyo.

Usingoje Septemba. Wiki ya sikukuu ya Mei mna likizo. Njoo hata bila hiyo miguu.

Sumie

Nagoya, 30 Mei

Dada Sumie,

Hapa joto limeanza na unyevu umefika asilimia sabini, kwa hiyo nakunywa chumvi. Samahani kwa ukimya. Wiki ya sikukuu ya Mei ndiyo ilikuwa wiki nzito kuliko zote kwenye programu, na barua yako niliisoma nikiwa juu ya baiskeli, ikalowa jasho, ikabidi niianike.

Mwambie Mama nimefurahi, ila aache hilo zoezi. Kuna sheria. Mshindani haruhusiwi kupokea kitu chochote kutoka kwa familia. Chakula na maji ni kwenye meza za kamati tu, kutoka kwa watu wenye kofia za njano. Ukipokea kwa mtu wako, unaondolewa. Mtu anatakiwa amalize kwa nguvu zake mwenyewe, na hapo ndipo penye uzuri wa mchezo wetu.

Kwetu tulikuwa na siku ya michezo shuleni kwa Honoka. Sijui kwa nini watu walikasirika. Kulikuwa na mbio za akina baba, mita themanini, na Honoka alikuwa ameshawaambia darasa zima kwamba baba yake atashinda. Lakini siku hiyo programu ilisema mapumziko, na mita themanini za ghafla bila kupasha mwili ndizo zinazochana misuli ya paja. Nikaeleza kwa adabu. Akatokea baba mmoja muuza tofu, mwenye kitambi, akakimbia mara mbili, zamu yake na zamu yangu. Ya pili aliimaliza kwa magoti. Watu wakampigia makofi kupita kiasi.

Nyumbani kumetulia siku hizi. Chinatsu na Honoka wamekwenda kukaa kidogo kwa wazazi wake Gifu. Beseni liko wazi muda wote, nalala kwa muda wa saa nane kamili.

Kuniaki

Sakinoura, 21 Juni

Kuniaki,

Mvua za Juni hazikatiki, mikeka imeota ukungu, na Mama amemwita mkaguzi wa mita ya maji kwa jina la baba. Yule bwana, mwenyewe mzee wa heshima, akaitika. Nilimshukuru mpaka nikalia.

Kumbe nyumbani kwako kumetulia! Pasipo na watu patakosaje kutulia? Wifi yangu ameniandikia tangu tarehe tano. Amenieleza siku ulipotia barafu kwenye beseni kabla wenzako hawajaoga, mtoto akatoka shule amelowa mvua ya Februari akavua nguo akaingia. Amenieleza jinsi alivyoweka tarehe ya kwenda kupimwa kile kivimbe chake kwenye kalenda ya jikoni, ukaifuta ukaandika “mlima, kilomita tisini.” Kivimbe si kitu, asante kwa kuuliza. Alikwenda peke yake. Mtoto naye ameacha kumwambia mtu yeyote kwamba baba yake anakimbia.

Halafu unaniletea sheria. Nimeisoma mara tatu, nikacheka mpaka Mama akaja kuuliza kuna nini. Ati hupokei msaada wa familia! Nguo zako za jasho zilikuwa zinajifua? Honoka alikuwa anajilea? Na Mama huyu, miaka sita sasa, unadhani anatunzwa na kamati?

Sikuandikii kwa hasira. Hapana, nakuandikia kwa hasira. Sikukuu ya Bon ni katikati ya Agosti, kila mtu Japani anarudi kwao kuosha makaburi, hata wenye magari mabovu. Njoo uoshe kaburi la baba, ukae na Mama siku tatu. Jana asubuhi alisoma kalenda, “La Kuni,” akanigeukia akauliza, “Kuni ndiye yupi, mkubwa au mdogo?” Nikamwambia mdogo. Akasema, “Aha, mwenye magoti.” Bado upo, Kuni. Umebaki magoti.

Sumie

Nagoya, 18 Agosti

Dada,

Joto ni kali na nyenje wanapiga kelele tangu alfajiri. Nimepungua kilo saba. Natumaini kaburi la baba limeoshwa vizuri. Nilikusudia kuja, nilishapanga hata begi, lakini mwalimu alisema wiki tatu za mwisho mwili ni kama yai.

Mambo ya Chinatsu tutayazungumza baada ya mashindano. Kila kitu kitakuwa sawa baada ya mashindano. Walio nje hawajui, lakini mtu akishamaliza kitu kama hiki anakuwa mtu mwingine, na mimi nataka Honoka amwone huyo mtu mwingine.

Nitafika kisiwani Ijumaa jioni. Tafadhali usinielewe vibaya: nitalala kwenye hoteli ya washindani, bandarini. Godoro la sakafuni litanibana mgongo, na Mama atanipikia vitu vya kukaanga. Jumapili nitapita mlangoni kama saa nne asubuhi na tena saa sita. Nitawapungia mkono, kama barabara ni nzuri. Meza ya kamati iko kwa Gonda, hatua thelathini kabla ya lango letu, kwa hiyo nitakuwa nimeshakunywa. Mzuie Mama asikaribie barabara.

Kuniaki

Nagoya, 10 Septemba

Dada Sumie,

Natumaini mko wazima. Mimi siwezi kushuka ngazi, nazishuka kinyumenyume.

Nilikusudia kupita nyumbani Jumapili jioni lakini nilikuwa kwenye hema la matabibu, nimechomekwa mrija, na Jumatatu feri ilikuwa saa moja asubuhi. Nisameheni.

Nimemaliza, dada. Kwa muda wa saa kumi na mbili na dakika hamsini na mbili. Nimevuka utepe nikilia mbele ya watu, nimevishwa fulana. Jana matokeo yametoka, nikatafuta jina langu mara nne. Liko chini kabisa, chini ya waliozimia. “Nezu Kuniaki. Ameondolewa. Kupokea msaada wa familia.”

Uliona mwenyewe, mimi sikusimama, nilisimamishwa. Mama aliingia barabarani! Ningefanyaje, nimgonge? Na alipolinyoosha lile tonge, mkono wangu ulilichukua wenyewe. Nilikuwa na njaa, dada. Sijawahi kuwa na njaa vile. Nimekula vipakiti vya sukari miezi sita, nikauma ile plamu ya chumvi, nikakuta nimeshuka kwenye baiskeli nimekaa kwenye jiwe la lango. Dakika nne, saa yangu inasema. Mapigo yalishuka hadi tisini. Na Gonda, aliyekula kwetu utoto wake wote, akaja na kofia yake ya njano, akaniinamia mara tatu kwa masikitiko makubwa, akaandika namba yangu.

Nimekata rufaa. Kuna upenyo. Sheria inakataza familia na wenzako, lakini mwanakijiji tu akikupa kitu kwa ukarimu, kamati inaweza kusamehe. Naambatanisha fomu ya shahidi. Inatakiwa aijaze aliyetoa chakula, athibitishe kwamba hana udugu na mshindani, apige muhuri wake. Mama si anasahau? Basi haitakuwa hata uongo mkubwa. Mwelekeze tu pa kuandika. Ni wiki ishirini na sita za maisha yangu.

Kuniaki

Sakinoura, 20 Septemba

Kuniaki,

Joto limevunjika, maua mekundu ya makaburini yamechanua, na Bwana Gonda amekuja na boksi la keki za maharage kutuomba radhi kwa kukuondoa. Amelia. Nimemwambia hana kosa, tumekula keki wote watatu.

Sasa kaa chini unisikilize.

Jumapili ile Mama aliamka saa kumi alfajiri, akafunga kitambaa, akapika wali. Kuanzia saa tatu alikuwa langoni. Walipita watu mia nne, Kuni. Kofia ngumu, miwani myeusi, nguo za kubana, hata mimi sikuweza kumtofautisha mwanamume na mwanamke. Kila mmoja nilimwambia huenda ni huyu. Akasema siye. Mara ya kwanza ulipita kasi katikati ya kundi, mimi sikukuona kabisa. Yeye alisema, “Kapita. Atarudi.” Saa sita na nusu akatokea mtu pembeni ya meza ya Gonda, nikamwambia Mama huyu mfupi sana, siye. Akanisukuma. Akasema, “Magoti ya baba yake,” akaingia barabarani.

Mimi mwenyewe alikuwa ameniita “mama muuguzi” asubuhi hiyo. Wewe alikujua kwa magoti, kati ya watu mia nne.

Na wewe umemletea karatasi ya kukana.

Sikutaka kumwonyesha. Aliiona bahasha, akaona mwandiko wako, akataka nisome, na mimi sijawahi kumsomea Mama barua nusu. Nikamsomea yote. Nilijua siku ile ni njema kwake, kwa sababu aliuliza, “Akiandikiwa hivi atafurahi?” Nikasema ndiyo, kwa sasa. Akasema, “Basi nipe kalamu. Mtoto akitaka nisimjue, simjui.”

Ameandika kwa mkono wake. Naiambatanisha. Soma mwenyewe: “Mtu huyu simfahamu. Alionekana ana njaa.” Halafu akafungua mtoto wa meza akatoa muhuri, akaupiga kwa mikono yote miwili kama kawaida yake. Ni muhuri wa ukoo wetu, wa Nezu, Kuni. Jina ndilo hilo moja, nyumba hii haina muhuri mwingine. Labda katika wiki zako ishirini na sita hukupata nafasi ya kulifikiria hilo.

Mimi sikuipeleka kwa kamati. Ofisi yao iko hatua mia mbili kutoka hapa, na siendi. Ipeleke wewe.

Sumie

Nagoya, 16 Oktoba

Dada yangu,

Nimefika salama kutoka huko kisiwani, samaki wakavu hawakuharibika njiani, na magoti yako uyapake ile dawa niliyoacha juu ya friji.

Karatasi ya Mama sikuipeleka. Niliiweka juu ya ile baiskeli ya sebuleni nikaikodolea macho siku mbili, kisha nikawaandikia kamati kwamba naondoa rufaa. Kwenye fomu ya kuondoa kuna mahali pa kujaza uhusiano. Nilijaza “Mama,” nikaona haya hata kupiga muhuri.

Sikukwambia nilipokuja kwamba njiani nilipitia Gifu. Niliogopa utanicheka. Chinatsu alinipokea mlangoni, hakunikaribisha ndani. Nikampa ile orodha ya matokeo. Akasoma, akaketi pale pale kwenye kizingiti akacheka hadi akashika mbavu. Akasema, “Miaka mitatu unapokea msaada wa familia, hatimaye wamekukamata.” Kisha hakucheka tena. Nikamwambia habari ya kivimbe, kwamba ilinipasa kwenda naye. Akasema ndiyo, ilinipasa. Hajasema atarudi. Amesema nije Jumamosi, na Jumamosi inayofuata, halafu ataona. Honoka ameichukua ile orodha akaibandika kwenye friji ya babu yake. Ameniuliza kama nitakuja siku ya michezo mwakani. Nikasema hata wakinitaka nibebe mifuko ya mchanga. Akasema hapana, mita themanini tu.

Kuna na jingine, na hili ndilo nililoshindwa kukwambia pale bandarini, maana ungelia nami ningelia na feri ilikuwa inapiga honi.

Siku zote tatu nilizokaa, Mama hakunijua. Wewe uliona. Ulijitahidi kunifariji, ukasema amechoka tu, kesho itakuwa njema. Aliniita mgeni, aliniita fundi wa paa, akanishukuru kwa kuja kutengeneza paa. Nilivaa kaptura, dada, kwenye ile baridi, ili ayaone magoti. Hakuyaangalia.

Sasa asubuhi ya mwisho, ulipokwenda kuchukua tofu kwa jirani, nilikuwa nimeketi kwenye lile jiwe la lango nafunga viatu. Mama akatoka jikoni na kitambaa kichwani, mikono nyuma. Akachungulia barabara upande wa kwa Gonda, akachungulia upande wa pili. Kisha akanitilia kitu cha moto mkononi, akanifunika kwa aproni yake nisionekane.

“Kula upesi,” akasema, “kabla wale wa kofia za njano hawajakuona.”

Mdogo wako,
Kuni